Zidaka na Kabati la Fomaika: Vitu Vipya katika Nyumba za Kale za Pwani

Makumbusho ya nyumba ni yale ambayo jengo lenyewe ndilo kielelezo cha kwanza, na vyombo vilivyomo hupangwa kana kwamba wenyeji wametoka kwa muda na watarejea kabla ya magharibi. Katika makumbusho ya kawaida kitu hutengwa na mahali kilipotumika, kikatiwa ndani ya sanduku la kioo na kuandikiwa maelezo; katika makumbusho ya nyumba kitanda hubaki chumbani, sahani hubaki ukutani, na mgeni hujifunza maisha ya watu kwa kupita walimopita. Pwani ya Afrika Mashariki ina mifano miwili mashuhuri ya aina hii: nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyomo katika mitaa ya Lamu, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliikarabati na kuifungua kwa umma, na Beit al-Sahel, jumba la masultani linalotazama bahari katika Mji Mkongwe wa Unguja, lililofanywa makumbusho mwaka 1994.

Makala haya yanafuatilia historia ya vitu vilivyowekwa ndani ya nyumba za namna hiyo, na hoja yake ni kwamba vitu hivyo, vinavyotazamwa leo kama urithi wa kale, viliingia ndani vikiwa vipya, vilichaguliwa kwa sababu ya upya wao, na vilipangwa ili kila aingiaye auone upya huo. Hoja hii ikikubaliwa, basi swali linaloulizwa mara kwa mara na wasimamizi wa makumbusho, la kama kazi za mafundi wa leo zinastahili nafasi ndani ya nyumba ya kihistoria, huwa ni swali la kama makumbusho yataiendeleza au yataikatiza desturi iliyoipa nyumba hiyo umbo lake.

Nyumba iliyojengewa maonyesho

Nyumba nyingi za mawe za Lamu zilizosalia zilijengwa katika karne ya 18, wakati ambapo Pate, Lamu na miji ya jirani ilikuwa imeneemeka kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo, ilhali dari zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika maji ya chumvi ya visiwani na bara. Boriti ndiyo iliyoweka mpaka wa upana wa chumba, kwa kuwa mti wa mkoko haukuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa umbali unaozidi sana mita 3, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za Lamu ni vyembamba na virefu, navyo vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine.

Mpangilio huo ulikuwa na maana yake. Mtu aliyetoka njiani alifika kwanza kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe ambapo wageni wa kiume waliketi bila ya kuiona familia. Akapita tekani, njia iliyopindishwa makusudi ili macho ya mpita njia yasipenye. Akatokea kiwandani, yaani kwenye ua usio na paa. Akaingia misanani, katika vyumba virefu vilivyofunguka kuelekea uani. Na mwisho akafika ndani, neno ambalo kwa Waamu ni jina la chumba mahsusi, chumba cha mwisho kabisa kutoka mlangoni, kisicho na dirisha la kutazama njia, na kilicho kitovu cha faragha ya mwenye nyumba na mkewe. Kadiri mtu alivyozidi kuruhusiwa kusonga mbele ndivyo alivyohesabiwa kuwa karibu zaidi na ukoo, na ndivyo mapambo ya ukutani yalivyozidi kuwa mengi.

Kilele cha mapambo hayo ni zidaka. Neno hili, ambalo kwa lahaja ya Kiamu ni wingi wa kidaka na kusini hutamkwa vidaka, lina maana ya vijishimo vya mraba au vya tao vilivyofanywa ukutani kwa mawe na chokaa, vikapangwa safu juu ya safu hadi vikaujaza ukuta mzima, na kingo zake zikachongwa nakshi za majani, minyororo na maua kabla chokaa haijakauka kabisa. Taa inapowashwa jioni, vivuli vya matao hayo hukipa chumba chembamba kina ambacho kipimo chake halisi hakina, na mtazamaji huhisi kwamba ukuta unarudi nyuma. Hata hivyo ukuta wa zidaka haukujengwa ili utazamwe ukiwa mtupu. Kila kidaka kilikuwa nafasi ya kitu: bakuli la kauri, mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, chetezo cha ubani, msahafu ulioandikwa kwa mkono, au chombo cha kioo kilichofika na msimu wa kaskazi uliopita.

Ujenzi wa namna hii unaonyesha jambo ambalo msomaji wa leo anaweza kulipita. Fundi aliyezijenga zidaka alijenga kitu kinachofanana na kabati la maonyesho kabla hajajua ni vyombo gani vitakavyowekwa, na mwenye nyumba alilipia ukuta ambao thamani yake ingetimia pole pole, kadiri majahazi yalivyoleta bidhaa. Kwa maneno mengine, nyumba ya muungwana wa Lamu ilikabidhiwa kwa mwenyewe ikiwa na nafasi tupu zinazosubiri mambo mapya, na hivyo upokeaji wa kigeni na wa kisasa ulikuwa sehemu ya ramani yake tangu msingi ulipochimbwa. Baba aliyemwoza binti yake alimpa nyumba, au alimjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na pengine alivusha chumba juu ya njia kwa kujenga wikio, yaani daraja lenye kuta linalounganisha nyumba mbili. Binti huyo aliingia katika nyumba yake akiwa na vyombo vyake, na zidaka zake zilisomwa na wanawake wa mji kama wasomaji wanavyosoma kurasa za kitabu kipya.

Sahani zilizotoka mbali

Kauri za Uchina zimefika pwani hii kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alifanya uchimbuaji wa kiakiolojia katika miaka ya 1980, vigae vyake vimeonekana katika tabaka za zamani za mji, na katika karne zilizofuata bakuli za kijani na za buluu na nyeupe zilifika kwa wingi kiasi kwamba zilipachikwa hata kwenye makaburi ya mnara ya Mambrui na kwenye makaburi ya Kunduchi. Mawasiliano hayo yalikuwa ya pande mbili, kwa kuwa mwaka 1415 twiga aliyepelekwa kutoka Malindi alipokewa katika makao ya mfalme wa Uchina. Lakini sehemu kubwa ya vyombo ilifika kwa mikono ya wafanyabiashara wa India, Uajemi na Uarabuni, ambao walijua nini kinapendwa katika kila bandari.

Sahani hizo zilikuwa na kazi zaidi ya uzuri. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba wenyeji waliamini kauri hukinga kijicho, na kwamba sahani ikipasuka yenyewe ukutani ilichukuliwa kuwa imeupokea ubaya uliomlenga mtu. Kwa ufafanuzi huo ukuta wa zidaka ulio katika chumba cha ndani, ambamo uzazi na mauti vilipita, ulikuwa pambo na ngao kwa pamoja. Vyombo vingine vilitumiwa kwa busara ya nyumbani kabisa: katika birika, yaani hodhi ya maji ya kutawadhia na kuogea, bakuli la Uchina lilikazwa chini sakafuni ili visamaki vinavyokula mabuu ya mbu vipate maji ya kuishi hata hodhi inapokaushwa. Bakuli lililochorwa na fundi wa mbali, ambaye hakupata kusikia jina la Lamu, likawa makazi ya samaki katika kisiwa cha Afrika, na hakuna aliyeona kwamba limevunjiwa heshima.

Ushairi wa pwani uliitambua mapema nguvu ya zidaka kama alama ya wakati. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, fahari ya mji inapoelezwa kuwa imeanguka, miongoni mwa ushahidi unaotolewa ni zidaka zilizokuwa na sahani ambazo sasa zimekuwa viota vya ndege. Kwa mshairi huyo, ukuta usio na vitu vyake ulikuwa mwili uliotokwa na roho, na usomaji huo una uzito kwa yeyote anayesimamia nyumba ya kihistoria, kwa sababu unaonyesha kwamba wenyeji wenyewe waliihesabu nyumba kuwa hai pale tu nafasi zake zilipokuwa zikiendelea kujazwa.

Karne ya 19 ilipoingia, vyombo vilivyofika vilibadilika na wenye nyumba walibadilika pamoja navyo. Viwanda vya Maastricht nchini Uholanzi vilianza kutengeneza sahani na bakuli za bei nafuu zenye maua ya rangi kali, zilizokusudiwa masoko ya Asia na Afrika, nazo zikaenea Lamu na Unguja kiasi kwamba hadi leo huonekana katika nyumba za watu na katika maduka ya vitu vya kale. Zilipowekwa kando ya bakuli la Uchina lililorithiwa na vizazi vingi, hazikuwekwa kama kitu cha hadhi ya chini kinachoziba pengo. Ziliwekwa kama habari mpya. Mkusanyaji wa leo hutenganisha kauri ya karne ya 15 na sahani ya kiwandani ya karne ya 19 kwa sababu ya bei zake sokoni, ilhali mwanamke aliyezipanga alizitenganisha kwa rangi, kwa ukubwa na kwa ulinganifu wa pande mbili za ukuta.

Kiti cha enzi kina historia ya namna hiyo hiyo. Ni kiti kirefu cha mpingo, chenye mapambo ya pembe au mfupa yaliyopachikwa katika mbao, na mgongo wake na kikalio chake ni kamba nyembamba zilizofumwa. Aliketishwa juu yake mgeni wa heshima, mwenye mamlaka au mwanachuoni, na watu wengine walikaa chini yake. James de Vere Allen, aliyewahi kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu na aliyechapisha utafiti juu ya viti hivyo mwaka 1989, alionyesha jinsi asili ya umbo lake inavyoweza kutafutwa katika nchi zaidi ya moja, na wataalamu wametaja Ureno, Misri ya Wamamluki na India. Jambo lililo wazi ni kwamba mafundi wa pwani walilipokea umbo la kigeni, wakalitengeneza kwa mti wa kwao na kwa ufumaji wa kwao, na wakaligeuza kuwa alama ya mamlaka ya Kiswahili. Kiti kinachoitwa leo cha jadi kilikuwa, siku fundi wa kwanza alipokimaliza, ubunifu ambao mji haujapata kuuona.

Gharama ya fahari hiyo haina budi kutajwa pamoja na fahari yenyewe. Utajiri ulionunua sahani na kulipia nakshi ulitoka katika biashara ya pembe za ndovu, nafaka, boriti na watu, na katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Ndani ya nyumba hizo hizo walikuwamo watumwa waliofua, waliopika, waliobeba maji na waliofuta vumbi la zidaka, wakilala sehemu za chini ambazo hazikuwa na nakshi yoyote. Utumwa ulipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, msingi wa uchumi wa waungwana wa Lamu uliondoka, nyumba nyingi zikaanza kuporomoka, na vyombo vikaanza kuuzwa.

Unguja: kioo na umeme

Mjini Unguja desturi ya kupanga vitu ukutani ilifuata njia yake yenyewe, kwa kuwa utajiri wa karafuu, wa pembe na wa biashara ya watumwa ulikutana hapo na wafanyabiashara wa India, Ulaya na Marekani. Mkataba wa biashara kati ya sultani Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, ubalozi mdogo wa nchi hiyo ukafunguliwa mwaka 1837, na bidhaa za nchi hiyo zikazoeleka hadi kitambaa chake cha pamba kikabaki katika lugha kwa jina la marekani. Binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi kuta nene za vyumba vya watu wenye uwezo zilivyogawanywa kwa vidaka virefu vyenye rafu za mbao, na juu ya rafu hizo vikapangwa kwa ulinganifu vyombo vya kioo na kauri vya gharama kubwa, ilhali kati ya kidaka na kidaka vilining'inizwa vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya. Maelezo yake yanathibitisha kwamba ukuta wa Unguja, kama ule wa Lamu, ulikuwa mahali ambapo kitu kilichofika karibuni kilitangazwa.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliipeleka desturi hiyo kutoka ukutani hadi kwenye jengo zima. Alikuwa ameishi Bombay uhamishoni baada ya jaribio la kumpindua kaka yake mwaka 1859 kushindwa, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Aliporejea alileta maji ya mabomba mjini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, yaani nyumba ya maajabu, jengo lenye nguzo za chuma zilizoagizwa ng'ambo, ambalo lilitangulia majengo mengine ya mji kutiwa umeme. Jina lake linaeleza kazi yake: jengo lenyewe lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa sababu ya vifaa vipya vilivyomo. Leo hujulikana kama alama ya ukale wa Mji Mkongwe, na sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 watu waliomboleza kupotea kwa kitu cha kale, ingawa lilipojengwa lilikuwa kinyume kabisa cha ukale.

Beit al-Sahel, jumba la jirani, lilikuwa limejengwa kati ya mwaka 1827 na 1834, na liliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipolipiga kwa mizinga katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Lilijengwa upya, na kuanzia mwaka 1911 Sultan Khalifa bin Haroub akalifanya makazi yake hadi alipofariki mwaka 1960. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 likaitwa Jumba la Wananchi na likatumika kwa shughuli za serikali, na miaka 30 baadaye likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia ya masultani.

Kabati la fomaika

Wasimamizi walioliandaa jumba hilo mwaka 1994 waliyapanga maonyesho kwa vipindi, ghorofa baada ya ghorofa, kuanzia zama za Sayyid Said, zenye mikataba yake ya biashara na picha zake za rangi, hadi vyumba vya Sultan Khalifa na wake zake vilivyo juu kabisa. Mgeni aliyepanda ngazi akiwa amekwisha kuona vitanda vizito vya nakshi na viti vya mpingo alishangazwa na alichokikuta mwishoni: vyumba vya kawaida, vilivyopambwa kwa mapenzi tofauti ya kila mkaaji, na ndani yake samani za miaka ya 1950, zikiwamo zile zilizobandikwa fomaika. Vitabu vya kuwaongoza watalii vimezoea kuitaja fomaika hiyo kwa mshangao, kana kwamba imepotea njia. Tathmini ya haki inahitaji kuanza na historia ya bidhaa yenyewe.

Fomaika ni bamba gumu linalotengenezwa kwa kukandamiza karatasi nyingi zilizoloweshwa kwenye utomvu wa kemikali, kwa joto na kwa nguvu kubwa. Ilibuniwa mwaka 1912 na wahandisi wawili wa Marekani, Herbert Faber na Daniel O'Conor, kwa ajili ya kuzuia umeme usipite mahali usipotakiwa, kazi ambayo kabla yake ilifanywa na madini ya mika; jina la Formica waliloipa kampuni yao, iliyoanzishwa Cincinnati mwaka uliofuata, linamaanisha mbadala wa mika. Baadaye aina mpya ya utomvu iliruhusu bamba hilo litiwe rangi nyepesi na michoro, na baada ya Vita Kuu ya Pili likaenea duniani katika meza za jikoni, mikahawa na makabati, kwa sababu halikunyonya maji, halikuliwa na mchwa kwa urahisi, na lilifutwa kwa kitambaa likarudi kung'aa.

Kwa mji wa pwani wenye unyevu, chumvi hewani na mchwa katika kila ubao, sifa hizo zilikuwa na maana kubwa zaidi ya vitendo kuliko zilivyokuwa katika nchi kavu. Kabati la namna hiyo katika chumba cha sultani liliendeleza basi mantiki ile ile ya bakuli la Uchina katika kidaka cha Pate na ya kioo cha Ulaya katika ukuta aliouelezea Sayyida Salme: lilikuwa bidhaa ya kisasa ya wakati wake, iliyovuka bahari, na iliyochaguliwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuchagua nyingine. Mshangao wa mgeni hutokana na matarajio aliyoingia nayo, kwa kuwa alikuja kutafuta Mashariki ya hadithi, na kabati likamweleza kwamba sultani wa Zanzibar aliishi katika karne ya 20 pamoja na watu wengine wote. Kwa sababu hiyo kabati la fomaika ni mojawapo ya vitu vyenye ukweli mwingi zaidi katika jumba lile, na lingeondolewa kwa kuonekana halifanani na jumba, historia ingepotoshwa.

Jinsi kipya kilivyogeuzwa kuwa cha kale

Fikra ya kuifungia nyumba katika saa moja ya historia haikuzaliwa pwani. Mfano unaotajwa sana ni wa Sir John Soane, msanifu majengo wa London, ambaye mwaka 1833 alipata sheria ya Bunge la Uingereza iliyotaka nyumba yake, iliyojaa sanamu, michoro na vipande vya majengo ya kale, ihifadhiwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoiacha. Alifariki mwaka 1837, na nyumba hiyo bado ni makumbusho. Kanuni hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa huzuia uharibifu na huwapa watafiti ushahidi kamili, lakini ina ukali wake pia: humgeuza mtu aliyekusanya vitu maisha yake yote kuwa mtu ambaye mkusanyiko wake umekoma.

Mjini Lamu, kukoma huko kulikuja kwa njia nyingine. Katika karne ya 20 milango ya nakshi, viti vya enzi, sahani na vitanda vilinunuliwa na wakusanyaji na wafanyabiashara wa vitu vya kale, na kasi iliongezeka watalii walipoanza kumiminika kisiwani. Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa sehemu ya juhudi za kuzuia urithi huo usimalizike. Usam Ghaidan alichapisha mwaka 1975 utafiti wake kuhusu mji na majengo yake. Na mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Bila ya kazi hiyo, zidaka nyingi zaidi zingekuwa vifusi. Hata hivyo, kila kitu kilipookolewa kilitiwa katika fungu moja la ukale, na bakuli la karne ya 15, sahani ya Maastricht na mrashi wa India vikasimama ukutani pamoja bila ya mgeni kuelezwa kwamba kati ya cha kwanza na cha mwisho imepita miaka mia kadhaa, na kwamba kila kimoja kilimpiku mwenziwe kwa upya.

Wakati huo huo ufundi haukukoma. Mafundi seremala wa Lamu na Unguja wanaendelea kuchonga milango, masanduku na vitanda, na mafundi wa chokaa waliojifunza kwa kukarabati nyumba za kale wamechonga zidaka mpya katika nyumba na hoteli zilizojengwa au kufufuliwa Shela, kisiwani Lamu, na kwingineko. Kazi zao huuzwa, husafirishwa na kusifiwa, lakini ndani ya makumbusho ya nyumba nafasi yao imekuwa ya warekebishaji wa kazi za waliotangulia.

Kazi ya leo ndani ya nyumba ya jana

Katika nchi nyingine mjadala huu umejibiwa kwa vitendo. Chatsworth, jumba la makabaila wa Devonshire katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, lilipanga mwaka 2023 maonyesho ya samani, kauri na vitu vya kioo vya wabunifu wa kisasa ndani ya vyumba vyake vya kihistoria, na miongoni mwa walioshiriki alikuwamo Andile Dyalvane, mfinyanzi wa Afrika Kusini ambaye kazi zake hutokana na utamaduni wa Waxhosa. Hoja ya maonyesho hayo ilikuwa nyepesi kueleweka: jumba lilikuwa limekusanya kazi za wabunifu wa kila kizazi tangu karne ya 16, na kwa hiyo kuzipokea za kizazi hiki kulikuwa kuendeleza mwenendo wake. Mjini Baltimore, nchini Marekani, mwaka 1992 msanii Fred Wilson alipanga upya vitu vya jumuiya ya historia ya Maryland, akaweka vyombo vya fedha vya matajiri na pingu za watumwa katika sanduku moja la kioo. Mahali hapo si makumbusho ya nyumba, lakini funzo lake linaihusu kila nyumba ya fahari iliyojengwa kwa jasho la wasiolipwa, zikiwamo za pwani hii: mpangilio mpya wa vitu unaweza kusema lile ambalo kila kitu peke yake kimenyamaza.

Pwani ya Afrika Mashariki haihitaji kuiga mfano wowote kati ya hiyo, kwa kuwa ina kanuni yake yenyewe. Kanuni hiyo imeandikwa ukutani kwa chokaa: nyumba hujengwa na nafasi, na nafasi hujazwa na kila kizazi kwa kilicho bora cha wakati wake. Kuiheshimu hakutaki kuvunja wala kuondoa chochote. Kunataka kwanza kila kitu kilichomo kiandikiwe mwaka kilipotengenezwa, mahali kilipotoka na, inapojulikana, mwaka kilipoingia pwani, ili mgeni aone kwamba ukuta mmoja una karne nyingi. Kunataka pia wale waliobeba maji na kufuta vumbi watajwe ndani ya nyumba walimofanya kazi, katika vyumba vya chini walimolala, kwa uwazi ule ule unaotumika kuelezea nakshi za juu. Na kunataka safu moja ya zidaka, hata iwe ndogo, iachwe kwa ajili ya mafundi walio hai: mfinyanzi, seremala, mshonaji wa kofia, mfua fedha, mfumaji wa mikeka, ambao kazi zao zibadilishwe kila mwaka na kuandikwa majina ya waliozitengeneza, jambo ambalo mafundi wa karne ya 18 hawakulipata.

Wasimamizi wa makumbusho wa Lamu na Unguja wamekabidhiwa kuta zilizojengwa na watu walioipenda kesho. Wanaombwa wazitunze kuta hizo kwa uangalifu wote wa kitaalamu walio nao, na wasiruhusu kidaka hata kimoja kibaki tupu kwa kuogopa kipya, kwa maana waliovijenga vidaka hivyo hawakukiogopa.